Kampuni inataka niisifie bila kusema nimelipwa: nikubali?

Swali la msomaji

"Shikamoo. Nina ukurasa wa kawaida wenye wafuasi 3,400. Mimi si maarufu. Wanaonifuata ni ndugu, majirani, niliosoma nao na wazazi wenzangu wa shuleni kwa watoto. Wiki iliyopita wakala wa kampuni ya mafuta ya ngozi aliniandikia inboksi. Wanataka niposti mara nne kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Maneno wameshayaandika wao, mimi nabandika tu: kwamba niliyapata mafuta haya kwa bahati, na ndani ya siku saba madoa yamekwisha. Wamesisitiza nisiseme kuwa ni tangazo, eti watu wakijua hawatanunua. Nitapewa mafuta bure, fedha kidogo kila mwezi, na kamisheni kwa kila anayenunua kwa msimbo wangu wa punguzo. Mkataba unasema picha na video zangu watazitumia 'milele, popote, kwa namna yoyote'. Fedha naihitaji, sitaki kujifanya siihitaji. Nikubali? Na kwa nini wanitafute mimi wakati wasanii wapo?"

Jibu

Marahaba, binti yangu. Mkataba huo usiusaini kama ulivyo. Kazi yenyewe unaweza kuifanya, na kulipwa kwa kusifia kitu ulichokitumia ukakipenda si aibu hata kidogo. Kinachoiharibu ni ile amri ya kuficha, yale maneno uliyotungiwa kuhusu ngozi yako mwenyewe, na neno "milele". Mawili ya kwanza hayana mjadala. La tatu lina bei, nayo wanataka kuikwepa.

Nitalianza swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo mengine yatakuwa mepesi.

Msanii mwenye wafuasi milioni akishika chupa ya mafuta, kila anayemtazama anajua amelipwa. Hata asipoandika neno, mtazamaji ameshajiwekea tahadhari moyoni. Ukiishika wewe, hakuna anayewaza hivyo. Shemeji yako ataona amepewa siri ya nyumbani. Mzazi mwenzako atakuuliza mkikutana shuleni umeyapata wapi. Kampuni haikulipi kwa sababu ya hao watu 3,400. Idadi hiyo wangeweza kuifikia kwa tangazo la kawaida la mtandaoni bila kukusumbua. Inalipia ule wepesi ambao watu wako wanalipokea neno lako.

Jambo hili lilijulikana kabla ya intaneti. Mwaka 1955 Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walichapisha matokeo ya utafiti waliowahoji wanawake takriban 800 wa mji wa Decatur, Marekani. Wengi walidhani wakati huo kwamba redio na magazeti humwingia mtu moja kwa moja na kumbadilisha. Wao wakakuta kwamba katika mambo ya kila siku, kama nini cha kununua na nini cha kuvaa, watu walisikilizana wao kwa wao, na mshauri mara nyingi alikuwa mtu wa hali ileile ya maisha. Kwenye manunuzi ya nyumbani, walioulizwa sana hawakuwa matajiri wala wasomi. Walikuwa akina mama wenye familia kubwa, waliozoea kununua na kulinganisha.

Kampuni hazikuchelewa kulifanyia biashara. Mwaka 2001 Procter & Gamble, kampuni kubwa ya Marekani ya sabuni na bidhaa za nyumbani, ilianzisha mpango ulioitwa Tremor, ikasajili vijana wa kawaida kwa mamia ya maelfu ili wasambaze habari za bidhaa miongoni mwa marafiki zao. Baadaye ikaanzisha Vocalpoint kwa ajili ya akina mama. Hawakulipwa mishahara, walipewa sampuli, kuponi na ile raha ya kuwa wa kwanza kujua. Hawakulazimishwa kusema nani kawatuma. Oktoba 2005 shirika la kutetea walaji liitwalo Commercial Alert likapeleka malalamiko FTC, tume ya serikali ya Marekani inayowalinda walaji. Desemba 2006 maofisa wa tume hiyo wakajibu kwamba msemaji akiwa na uhusiano wa kibiashara na muuzaji, na msikilizaji hana namna ya kuujua, kuuficha kunaweza kuwa udanganyifu. Mwongozo wa tume ulipofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika Desemba 2009, ukawataja waziwazi wanablogu na wasemaji wa mitandaoni.

Nimekupa historia hii kwa sababu moja. Wapo watakaokuambia kwamba sheria za kutaja malipo ni za mastaa, na kwamba mtu mdogo kama wewe hazimhusu. Mabishano yenyewe yalianzia kwa watu wa kawaida: vijana na akina mama waliozungumza na marafiki zao. Kadiri unavyokuwa mtu wa kawaida, ndivyo msikilizaji wako anavyokosa pa kujikingia, na ndivyo kumficha kunavyokuwa kuzito zaidi.

Nayasema haya nikiwa nimekaa miaka mingi upande wa hao wanaokuandikia. Katika wakala mmoja wa matangazo, kazi yangu ilikuwa kuwatafuta watu kama wewe. Nilipitia kurasa nikisoma komenti, nikimtafuta anayeulizwa maswali na kujibu kwa upole. Niliwahi kuwatumia watu 40 sentensi moja waibandike, kuhusu bidhaa ya nyumbani ambayo wengi wao walikuwa hawajaifungua hata boksi. Wiki mbili baadaye mmoja wao alinipigia simu. Dada yake alikuwa ameinunua bidhaa hiyo kwa kumwamini yeye, kisha akaikuta sentensi ileile, neno kwa neno, kwenye ukurasa wa mtu asiyemjua. Akamwuliza, "Kumbe kwako mimi ni mteja?" Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu amjibu nini dada yake, nami sikuwa na la kumwambia. Sentensi ile niliitunga mimi. Tangu siku hiyo sikumtungia tena mtu ushuhuda wake, na nikiuona mkataba kama wako hunijia sauti yake.

Sasa tuje kwenye kutaja malipo, maana hapa ndipo watu wanapozungushwa sana.

Mantiki yake ni ileile karibu kila penye sheria ya kumlinda mlaji: kama kuna kitu kati yako na muuzaji ambacho kingemfanya msomaji alipime neno lako kwa namna tofauti, kiseme. Fedha ni kitu. Mafuta ya bure ni kitu. Kamisheni ni kitu, punguzo ni kitu, na muuzaji kuwa mume wako au mwajiri wako ni kitu pia. Nchini Uingereza vyombo vinavyosimamia matangazo na masoko vimekuwa vikisisitiza kwamba zawadi nayo huhesabiwa, na kwamba lebo ya tangazo ionekane mwanzoni kabisa. Ufaransa ilitunga sheria maalumu tarehe 9 Juni 2023 kwa ajili ya wanaolipwa kutangaza mitandaoni. Anayeficha nia ya biashara anaweza kuhukumiwa kifungo cha hadi miaka 2 na faini ya hadi euro 300,000. Sheria ya nchi unayoishi uitafute mwenyewe kwenye mamlaka inayolinda walaji. Lakini usingoje sheria ikuamrishe jambo ambalo dada yako angelikudai bila sheria.

Namna ya kutaja ina maana kuliko watu wanavyofikiri. Nimeona kila aina ya ujanja: hashtagi ya tangazo ikiwa ya kumi na tisa katika msururu wa ishirini, vifupisho ambavyo hakuna anayevijua, "asanteni sana" ikifuatiwa na jina la kampuni, kana kwamba shukrani ni taarifa. Mwaka 2020 FTC iliishtaki kampuni ya chai ya Teami. Waliolipwa kuisifia Instagram walikuwa wameandika kwamba ni ushirikiano wa kulipwa, ila maneno hayo yalikaa chini, pale ambapo msomaji hayaoni mpaka abonyeze kusoma zaidi. Tume ikasema hiyo si taarifa. Chai yenyewe ilikuwa ikisifiwa kwa manufaa ya kiafya yasiyo na ushahidi, na barua za onyo zikaenda kwa watu 10 walioitangaza.

Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe wa taarifa, kwa Kiswahili, maana wasomaji wako wanasoma Kiswahili: "Hili ni tangazo. Nimelipwa na nimepewa mafuta haya bure." Kwenye video liseme kwa mdomo mwanzoni na liandike kwenye picha, kwa kuwa wengine hutazama bila sauti na wengine husikiliza bila kutazama. Kwenye stori liweke kwenye kila kipande chenye bidhaa. Mtu anaweza kuingilia kipande cha tatu. Instagram na TikTok zina kitufe cha kuonyesha ushirikiano wa kulipwa. Kitumie, lakini kisichukue nafasi ya maneno yako, kwa sababu lebo yake ni ndogo na macho yamezoea kuiruka.

Wakala anasema watu wakijua hawatanunua. Mwulize, je, kuna mteja wa kampuni ambaye akiambiwa ukweli atabaki? Kama hayupo, tatizo liko kwenye mafuta. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Nimeona bidhaa njema zikifa kwa kukosa wa kuzisemea, ndiyo maana naiheshimu kazi ya matangazo. Ila bidhaa inayohitaji ifichwe kwamba inatangazwa, hiyo inanitia shaka.

Na usidhani ukishauriwa kuficha lawama itabaki kwa aliyekushauri. Kuna kisa kinachojulikana sana kwenye fani hii. Mwaka 2015 kampuni ya mavazi ya Lord & Taylor iliwapa wanawake 50 wenye kurasa za mitindo gauni lilelile, ikawalipa kila mmoja kati ya dola 1,000 na dola 4,000, wakaposti Instagram ndani ya wikiendi moja. Mkataba uliwataka watumie hashtagi ya kampuni. Haukuwataka waseme wamelipwa. Kampuni ilizipitia posti kabla hazijatoka na kurekebisha baadhi ya maneno, wala haikuongeza taarifa hiyo. Zikawafikia watu milioni 11.4, gauni likaisha. Mwaka uliofuata FTC iliibana kampuni yenyewe, na wale wanawake 50 hawakushtakiwa. Lakini Aprili 2017 tume hiyohiyo ilituma barua zaidi ya 90 za kukumbusha wajibu huu, nyingine zikiwa zimeandikiwa watu binafsi, na Septemba mwaka huo ikawafungulia kesi ya kwanza wasemaji wenyewe: vijana wawili waliosifia tovuti ya kamari bila kusema kwamba wao ndio wamiliki wake.

Turudi kwenye mafuta, hapa nataka unisikilize kwa makini.

Umeandika kwamba sentensi wamekupa tayari: madoa yamekwisha ndani ya siku saba. Umeshayatumia? Kama bado, huo ni ushuhuda wa jambo ambalo halijatokea, na hakuna lebo ya tangazo inayoweza kuusafisha. Ukiandika "hili ni tangazo" kisha ukasema uongo, bado umesema uongo. Ngozi ya mtu mzima huchukua karibu mwezi mzima kujibadilisha tabaka la juu, na madoa meusi kwa kawaida hufifia kwa wiki nyingi au miezi. Mafuta yanayofuta madoa kwa siku saba yananifanya niulize yana nini ndani.

Swali hilo lina uzito. Baadhi ya mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi duniani hutiwa zebaki, kwa sababu zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi yake ya asili. Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi kwamba zebaki hiyo hudhuru figo, na mvuke wake huweza kuwafikia wengine waliomo ndani ya nyumba, watoto wakiwemo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kuviondoa kabisa vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki, bila kujali kiwango, ifikapo 2025. Sisemi mafuta yako ndiyo hayo, siyajui. Nasema kwamba kabla hujampa shemeji yako apake usoni, iombe kampuni orodha kamili ya viungo, namba ya usajili kutoka mamlaka ya vipodozi ya nchi yako, na cheti cha maabara. Lebo peke yake haitoshi, maana wanaoweka zebaki mara nyingi hawaiandiki. Kampuni safi inavyo vitu hivi kwenye faili na itakutumia siku hiyohiyo. Ikianza kukuzungusha, umepata jibu, na fedha yao waachie.

Vikija, yatumie mwezi mmoja na nusu kabla ya posti ya kwanza. Piga picha za uso wako dirishani, saa ileile, mwanga uleule, bila kichujio. Kisha andika kilichotokea. Kama harufu ni kali, sema. Kama madoa yamepungua kidogo ila hayajaisha, sema hivyohivyo. Mkataba mzuri unakuruhusu kutaja kasoro, na wafanyabiashara wenye akili wanajua kwamba sifa yenye kasoro ndani yake huaminika zaidi.

Kuhusu neno "milele". Wengi husaini wakidhani kampuni itaisambaza posti yao tu. Kinachoweza kutokea ni kwamba picha yako inakuwa tangazo la kulipia, linaloonyeshwa kwa watu usiowajua, wakati mwingine kwa jina la akaunti yako mwenyewe, miaka mitano baada ya wewe kuacha kuyapaka mafuta hayo. Au kampuni inauzwa, na mmiliki mpya anaurithi uso wako pamoja na stoo. Mikataba ya siku hizi huwa na maneno mengine yanayopita bila kuonekana: ruhusa ya kubadilisha sura na sauti yako kwa akili bandia, ili useme mambo ambayo hukuyasema. "Kwa namna yoyote" inaweza kulibeba hilo. Lifute.

Kwamba sura ya mtu wa kawaida ina thamani, Facebook iliionja. Mwaka 2011 ilianzisha matangazo yaliyochukua jina na picha ya mtumiaji aliyebonyeza laiki kwenye ukurasa wa biashara, yakaonyeshwa kwa marafiki zake kama pendekezo lake, bila yeye kulipwa chochote. Watumiaji wakaenda mahakamani California. Mwaka 2013 mahakama iliidhinisha Facebook ilipe dola milioni 20 kumaliza shauri hilo, na waliodai wakapata kama dola 15 kila mmoja. Mwaka uliofuata aina hiyo ya matangazo ikaondolewa. Dola 15 si nyingi, lakini hapo ilikuwa laiki moja tu. Wewe unaombwa uso, sauti, maneno na miaka yako yote iliyobaki.

Badala ya milele, waambie miezi sita tangu siku ya kuposti. Badala ya popote, taja mahali: ukurasa wako na kurasa za kampuni. Wakitaka kuitumia kama tangazo la kulipia, walipe kando kwa kila mwezi wa matumizi. Tazama pia kama kuna kifungu cha kukukataza kufanya kazi na kampuni nyingine za vipodozi. Kama kipo, kiwe na mwisho na kilipiwe, kwa sababu wanakufungia riziki. Nywila ya akaunti yako usimpe mtu yeyote, hata akisema ni ya kuweka takwimu. Ipo njia ya kumpa kampuni ruhusa ndani ya mtandao wenyewe bila kutoa nywila.

Malipo sitakupangia kiasi, ila nitakuonyesha namna ya kuhesabu, kwa sababu "fedha kidogo" ni neno lao. Fanya posti moja ya majaribio kwa ajili yako mwenyewe na uandike saa: kupanga, kurekodi, kurudia, kuhariri, kujibu komenti na maswali ya inboksi kwa siku tatu zinazofuata. Wengi hushangaa kugundua kwamba kujibu watu ndiko kunakokula muda kuliko kurekodi. Zidisha saa hizo kwa kiwango ambacho ungekikubali katika kazi nyingine yoyote ya ufundi. Hiyo ndiyo sakafu. Juu yake unaongeza haki ya kutumia picha na kile kifungu cha kutofanya kazi na wengine. Kama jumla inazidi mno wanachotoa, punguza idadi ya posti, usipunguze saa zako.

Kamisheni ichukue kama nyongeza tu. Wakikulipa kwa mauzo peke yake, umebeba hatari yao: tovuti yao ikigoma, mzigo ukichelewa, bei ikipanda, anayekosa fedha ni wewe uliyekwisha kufanya kazi. Uliza wanahesabuje, kwa muda gani baada ya mtu kutumia msimbo wako, na kama utaweza kuyaona mauzo mwenyewe badala ya kuambiwa. Omba sehemu ya malipo kabla ya posti ya kwanza. Weka siku ya kulipwa kwenye mkataba, siyo "baada ya kampeni". Na kila kinachoingia kiandike, pamoja na mafuta ya bure, kwa sababu katika nchi nyingi zawadi inayolipia kazi huhesabiwa kuwa kipato na hutozwa kodi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Posti nne kwa mwezi kwa miezi mitatu ni posti 12. Kwa ukurasa wa mtu wa kawaida hizo ni nyingi mno. Fungua ukurasa wako uhesabu uliposti mara ngapi mwezi uliopita. Kama ni mara nne, ukiongeza hizo nne za kampuni, nusu ya ukurasa itakuwa mafuta. Wazazi wenzako hawatakuambia kitu. Wataacha tu kukutazama, na wewe utadhani ni mtandao umebadilisha mpangilio wake. Omba posti nne kwa kipindi chote, na kampuni inayojua kazi itakubali, maana inajua ukurasa uliochosha watu hauuzi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha wakala huyo yupo kweli. Piga simu kwa kampuni kwa namba iliyo kwenye tovuti yao rasmi, usitumie aliyokupa yeye. Akikuomba fedha ya usajili, ya kusafirisha sampuli au ya "kufungua akaunti ya malipo", ondoka. Kuna utapeli unaokua kwa kasi ambapo mtu anapewa kazi ndogondogo za kulaiki na kusifia bidhaa, analipwa kidogo mwanzoni ili aamini, kisha anatakiwa kuweka fedha yake ili atoe "mapato" yanayoonekana kwenye skrini. FTC ilipokea malalamiko kama 5,000 ya aina hii mwaka 2023, na katika nusu ya kwanza tu ya 2024 yakafika kama 20,000. Anayekuajiri kweli hakudai fedha.

Nimekuandikia barua ya kuwajibu. Ibadilishe ifanane na wewe:

"Habari za kazi. Asanteni kwa kunifikiria. Ningependa kufanya kazi nanyi kwa masharti haya. Kwanza naomba orodha ya viungo, namba ya usajili na cheti cha maabara. Nikiridhika, nitayatumia mafuta kwa wiki sita kabla ya kuposti. Posti zitakuwa nne, kwa maneno yangu mwenyewe, na kila moja itaanza kwa kusema kuwa ni tangazo na kwamba nimelipwa. Mnaweza kurekebisha jina la bidhaa, bei na maelezo ya kitaalamu. Maoni yangu yabaki kama nilivyoyaandika. Picha na video zitatumika kwenye ukurasa wangu na wenu kwa miezi sita. Tangazo la kulipia tutakubaliana malipo yake kando, na sura na sauti yangu hazitabadilishwa wala kuigizwa kwa akili bandia. Nusu ya malipo iingie kabla ya posti ya kwanza, iliyobaki ndani ya siku 14 baada ya ya mwisho. Kama mafuta hayatanifaa, nitawaambia ninyi kwanza na sitaposti."

Itume kwa baruapepe, usiitume inboksi, ili ubaki na kumbukumbu. Wakijibu kwamba kutaja malipo haiwezekani, usijadiliane tena. Washukuru na ufunge. Wakikubali hilo wakakwama kwenye miezi sita, unaweza kulegeza mpaka mwaka mmoja kwa malipo ya ziada, lakini kifungu cha akili bandia usikiguse. Mkataba mpya ukifika, nipigie picha ukurasa wenye kipengele cha matumizi ya picha, uufiche kwa kidole mstari wenye jina la kampuni, unitumie kabla hujasaini. Nitausoma siku hiyohiyo.